Wagonjwa Ambao Hawakuja Kituoni

Mafua yaliyozunguka dunia yalipotufikia, chanjo ilikuja nyuma yake ikichechemea. Aliyepita nyumba kwa nyumba kuwashawishi watu, katika kijiji chetu upande wa Nyangwe, alikuwa dada yangu. Mimi niliajiriwa kupima kama chanjo hiyo inakinga. Watu hudhani kazi hiyo ni ya mashine. Kwa sehemu kubwa ni ya kuuliza na kulinganisha, nani kaugua akiwa amechanjwa na nani kaugua bila chanjo. Kila aliyefika kituo cha afya na homa na kikohozi nilimpitisha kijiti cha pamba puani, nikamuuliza habari za sindano, kisha kijiti kikangoja kwenye sanduku la barafu mpaka pikipiki ije kukipeleka maabara ya mjini Kasongo.

Majuma yakapita, nami nikaanza kuogopa. Karibu kila mgonjwa kwenye benchi letu alikuwa amechanjwa. Watu wana macho, waliliona kabla yangu. Wakasema sindano ndiyo inayoleta mafua, na aliyeileta wanamjua. Sokoni wanawake waliacha kununua samaki wa dada yangu. Baba mkwe wake, mkulima wa mpunga aliyefiwa na mke, mtu wa maneno machache na yote makali, akatangaza mbele ya ukoo kwamba mvua zikiisha mwanamke huyo atarudishwa kwetu. Watoto wangebaki, maana kwao watoto ni wa baba. Mume mwenyewe alikuwa Salamabila akichimba dhahabu, na neno la mzazi halipingwi kwa simu.

Nilimuuliza dada kama kuna wagonjwa kijijini wasiofika kituoni. Aliendelea kupara samaki wake, akajibu kwamba kila mtu ana nyumba yake.

Jibu nililipata kwenye benchi lile lile. Mama mmoja alikuja akitetemeka kwa homa, na muuguzi wetu, mtu mwema aliyechoka, akamuuliza mbele za watu: kama alikataa sindano yao, sasa anatafuta nini? Mama yule alijifunga kitenge chake vizuri, akaondoka. Nilikasirika. Kumbe waliokosa chanjo walikuwa wakiugua majumbani, wakijitibu kwa majani na mvuke, na sisi tulikuwa tukiwahesabu tu wale wasioogopa kusemwa. Mficha maradhi kilio humfichua, tunasema, lakini hawa tuliwafundisha kuficha sisi wenyewe.

Niliomba ruhusa Kasongo, nikaanza kupita kila nyumba bila kubagua. Niliingia kama anayekwenda kumwona mgonjwa, na chumvi kidogo au kipande cha sabuni mkononi. Kwanza pole, pua baadaye. Niliwakuta wagonjwa vyumba vya nyuma, wengi wao hawakuchanjwa. Nyumba nyingine nilichelewa, nikaonyeshwa udongo mpya wa kaburi.

Nyumbani kwa yule mzee, baba mkwe wa dada, wajukuu waliniambia babu yuko shambani. Nikasikia kikohozi, nikaingia. Alikuwa amelala, na dada yangu amemshika kichwa akimnywesha uji wa mchele. Kwao mke wa mwana havuki hata kizingiti cha chumba cha baba mkwe wake. Chakula huachwa mlangoni. Lakini wana wake walikuwa kwenye dhahabu, mabinti wameolewa mbali, na dada alikuwa ameingia humo siku nyingi. Neno lake moja sokoni, kwamba mzee asiyechanjwa naye anaugua, lingemsafisha, naye hakulisema. Nilimuuliza kwa nini.

“Haya ingemuua mbele ya mafua,” akanijibu.

Nilimpa mzee pole, nikamweleza kwamba ana haki ya kukataa.

“Pima,” akasema. “Lakini uandike na hii: ni mukamwana ndiye ananilishaka.”

Nikamwambia fomu yangu haina mahali pa neno kama hilo. Akaniagiza niwaite watu wa ukoo. Wakaja, wakasongamana mlangoni, wakamwona dada yangu ndani na bakuli lake. Mzee akawaambia, kwa sauti iliyokatikakatika, kwamba huyo harudi kwao.

Alifariki kabla majibu hayajarudi. Yalipokuja, yalisema chanjo ilikinga wengi, si wote, na kwamba waliougua vibaya zaidi ni wale wasioipata. Nilimsomea dada uani, kichwani bado ana kitambaa cha msiba. Nilifurahi kwa ajili yake, nikadhani naye atafurahi. Akauliza kama baba mkwe wake yumo katika hesabu. Nikamwambia yumo, kati ya wasiochanjwa, waliokataa.

“Hakukatala,” akasema. “Mulango wake niliuruka. Ningemuambia namna gani baba mukwe afunue mukono?”

Kisha akalia kama ambavyo hakulia hata siku ya maziko. Kijiji kizima alikishawishi, nyumba kwa nyumba. Yule mzee hakuna aliyemuuliza.