Ukumbi wa Bibi

Sie tuliokulia Kinondoni ile ya vumbi, Uhuru ukiwa bado mbichi na kila mtu akiitwa ndugu, tulizijua nyumba zetu tangu zikiwa miti mitupu. Vigingi na kamba kwanza, kisha nguzo za mikoko, fito zikafungwa, halafu mtaa mzima unakuja kukandika. Kazi yetu watoto ilikuwa kukanyaga udongo. Unazama mpaka magotini, baridi inapanda hadi kwenye meno, mnasukumana, mama anafoka kwamba gauni la shule ni hilo hilo moja. Saa nne unaletewa muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, unakula kucha zimejaa matope. Vijana wa leo wakiguswa na tope kidogo wanaulizia dawa ya kunawia.

Baba alipanga vyumba vitatu kila upande na ukumbi katikati, kutoka barazani mpaka uani. Vyumba vingi vilikuwa vya kupangisha. Tulikuwa wasichana wanne, na alituahidi chumba chetu. Hicho alikimega ukumbini, kule nyuma, kiasi kwamba ukumbi pale ungebaki wa kupita mtu mmoja. Mimi nilikuwa nimeshachagua pembe ya kulala.

Bibi, mama yake baba, aliyetoka Lindi kuja kukaa nasi, alikuwa amepangiwa chumba cha mwisho kabisa. Alipoziona zile kamba alimwita baba pembeni.

"Babako alipofariki walimtoa kwa ubavu," alimwambia. "Kichwa kikagonga nguzo, mimi naona. Mwanangu, mie nitolewe nimelala."

Baba aliinamisha uso, akasema Mungu atampa umri, ila watoto walale wapi? Bibi akanyamaza. Waliomjua walijua huko si kukubali.

Ijumaa, wanaume walipokwenda kuswali, bibi aliniita. Aling'oa vigingi vinne vya chumba chetu, kimoja kimoja, akanipa ncha ya kamba niishike, mwenyewe akaivuta moja kwa moja toka mbele hadi nyuma. Nilikuwa na miaka tisa, si mjinga. Nilijua nakitoa chumba changu. Nilishika kamba huku nalia, naye hakuninyamazisha. Alisema tu niikaze vizuri.

Fundi aliporudi alishangaa, akatukodolea macho watoto. Baba akaitazama kamba, akautazama upindo wa kanga ya mama yake, umejaa udongo.

"Chimba hapo hapo, ndugu," akasema. "Nilikosea mimi."

Basi tukalala ukumbini, wanne kwenye mkeka mmoja. Nilinuna mwezi mzima. Bibi naye akaacha kitanda chake cha kamba akaja kulala nasi, anatusimulia ya Lindi mpaka anakoroma katikati ya hadithi, na tukimwamsha anashikilia kwamba hakulala. Upepo ulipita kutoka barazani hadi uani. Ramadhani tulifuturu hapo na majirani, dada yangu aliolewa hapo, na mtu hakukanyaga sahani ya mwenzake. Sikuwahi tena kukililia kile chumba.

Nilikuwa darasa la sita bibi alipofariki. Alitoka amelala, wanaume wanne bega kwa bega, jeneza halikugusa ukuta hata mara moja. Nilimpenda baba siku ile kuliko siku zote.

Siku hizi nakaa Mbezi, nyumba ya tofali na vigae, vyoo vitatu, nasi tulihamia wawili tu, mimi na mume wangu. Ramani alichora mwanangu. Nilipomwuliza mbona korido nyembamba, tena ina kona mbili, alicheka: korido ni nafasi inayopotea bure, mama. Nikaona amesoma, nikanyamaza.

Mwaka juzi mume wangu alifariki. Kwenye kona ya pili jeneza likakwama. Vijana wakahangaika, wakalisogeza mbele, wakalirudisha nyuma, mwishowe wakaligeuza ubavu. Nilisikia alivyoteleza mle ndani. Niliweka kiganja kwenye ubao nikawa nasema, nisamehe, baba watoto, nisamehe, mpaka walipofika mlangoni.