Zahanati ya Mkwe

Pale ofisi ya afya walimwita Bi Ramani, na jina lilimkaa barabara. Kutwa alikuwa mbele ya kompyuta akiunganisha njia, vilima na nyumba za watu, kisha anapaka rangi: kijani kwa wanaofika zahanati upesi kwa miguu, nyekundu kwa wanaotaabika. Palipokuwa pekundu ndipo wakubwa walipopeleka wauguzi. Mtaa wa mama yake ulikuwa kijani kibichi, naye akitamba nao utadhani kaupanda mwenyewe.

Siku moja mama mdogo akapiga simu: mama kavimba mguu, na dawa za presha kaacha kuchukua. Bi Ramani akaenda mbio, roho mkononi.

"Mama, zahanati si hiyo hapo? Ukipiga chafya wanakusikia!"

"Hapo sitibiwi. Naenda ile ya ng'ambo ya kilima. Mguu ukigoma, siendi."

"Kilima chote hicho, cha nini?"

"Kwani tabibu wa hapo ni nani?"

Ndipo Bi Ramani alipokumbuka. Tabibu wa hapo alikuwa mumewe.

"Eti nimpandishie mkwe gauni anibonyeze miguu? Thubutu!"

Bi Ramani alicheka mpaka akatoka machozi, kisha akalia kweli, maana mama yake angeweza kufa humo humo ndani ya kijani.

Mumewe aliposimuliwa alijikuna kichwa. "Kumbe! Namwonaga akipita kajificha nyuma ya mwavuli, na mvua hakuna. Nikajua ananichukia."

Kazini, Bi Ramani akaomba watu waulizwe wanatibiwa wapi hasa, isihesabiwe tu zahanati iliyo karibu. Mkuu wake alicheka, akakubali haraka. Naye ana mkwe. Mumewe, bila kuambiwa na mtu, akabadilishana kituo na tabibu wa ng'ambo ya kilima, mwanamama mmoja mcheshi. Mama akaanza kutibiwa jirani. Presha ikashuka, mguu ukanywea.

"Mkwe wangu kakosa nini hata wakamhamisha?" akauliza siku moja.

"Hajakosa, mama. Aliomba mwenyewe, upate kutibiwa."



Asubuhi iliyofuata mume wa Bi Ramani alikuwa akipita mbio na mkoba wake, kachelewa. Akamkuta mkwewe mlangoni. Tangu harusi, salamu zao zilikuwa za kutumiana kupitia watu.

"Baba," mama akamwita, macho chini, "ingia kwanza unywe chai. Kilima hicho nakijua."