Mdoli Anayebebeka

Ottilia Kapinga ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, Mkatoliki wa Kigonsera, mama wa watoto watatu, na kazi yake pale Mbinga mjini ni kufunga midoli mgongoni. Analipwa kwa hilo. Mji ulicheka, ukachoka, ukanyamaza.

Kosa ni la Hilda, mwenye duka. Hilda alikwenda Dar es Salaam kung'oa jino, akarudi na jino lake lilelile bovu na wazo jipya la kufungua duka la midoli tupu. Usiulize sabuni, usiulize betri. Tena kila mteja awe na mtu wa kuzunguka naye na kumsaidia kuchagua, kama alivyoona huko. Watu wa Mbinga, ambao hununua viatu vya mtoto kwa kupima unyayo na kijiti, walijua mwenzao amelogwa.

Ottilia alipewa kazi kwa sababu hakuna mwingine aliyeiomba. Hakuwa amesomea chochote. Elimu yake yote ilikuwa mgongoni: tangu ana miaka saba alibeba wadogo zake watano, mmoja baada ya mwingine, mama yao akiwa huko juu mlimani anachimba ngolo, yale mashimo ya shambani, apande maharage. Kwa hiyo alikuwa na kipimo kimoja tu. Mtoto wa huku hapewi mdoli ili amtazame, anapewa ambebe. Kila mdoli aliyeingia dukani Ottilia alimfunga kwa kitenge, akainama kama anayelima, akaruka mfereji usiokuwepo, akapepeta mahindi yasiyokuwepo. Aliyebaki mgongoni amefaulu.

Wengi walifeli. Walikuwa na miguu iliyobanana kama ya askari wa gwaride, wakateleza mpaka sakafuni. Hata kipenzi cha Hilda, yule wa nywele za dhahabu aliyekaa kwenye kasha la kioo na kuitwa Malkia, alianguka kifudifudi, taji likabingirikia chini ya kabati. Hilda hakusema na Ottilia siku mbili.

Basi mwaka huu, kahawa ilipokwisha kuuzwa, akaingia dukani Mzee Pankras Ndunguru wa Maguu, mwenye ndevu za kutisha na sauti ya kuitia ng'ombe walioko kijiji cha pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nipe mkubwa kuliko wote."

"Wa nani, mzee?"

"Mjukuu wangu, Siwema. Ana miaka sita. Yuko Ngumbo, ziwani. Mwanangu Kilian anafundisha huko, na ndiko alikooa." Akashusha sauti, ikawa kama ya watu wengine. "Binti, yule mtoto ananikimbia. Nikifika tu, anaingia mvunguni kana kwamba nimekuja kumchoma sindano. Bibi yake wa huko, Eunice, anampa samaki na hadithi, basi yeye ndiye ndugu, mimi ni mgeni rasmi. Safari hii nataka aje kwangu mwenyewe, bila kusukumwa."

"Akicheza, anacheza nini?"

"Michezo."

"Ipi?"

"Ya watoto!"

"Rafiki yake anaitwa nani?"

Mzee alitazama dari. Kila mche wa kahawa shambani kwake aliujua, uliougua na ulionuna, lakini habari za mtoto huyo hakuwa nazo hata moja. Nyuma ya kaunta Hilda alikonyeza kuelekea kwa Malkia mpaka jicho likamtoka machozi. Ottilia alijifanya haoni.

"Mzee, mimi siwezi kumchagulia mtu nisiyemjua, na wewe naona humjui. Mpigie baba yake."

Akapiga. Simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu hakujua kuitoa, kwa hiyo duka zima lilimsikia Kilian.

"Anabeba, baba. Kazi yake ni kubeba. Anabeba chupa, anabeba gunzi la mahindi, alimbeba paka mpaka paka akahama nyumba. Lakini baba, leo imekuwaje? Sisi wenyewe hukuwahi kutuuliza tunacheza nini."

Mzee alikata simu, akasema huko ziwani mtandao ni mbovu.

Ottilia aliinamia rafu ya chini kabisa, akamtoa mdoli wa kitambaa aliyejazwa pamba, jicho moja juu kuliko jingine, ambaye Hilda alimtumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Miguu yake iliachana vizuri. Akamfunga, akalima, akaruka, akapepeta. Yule mdoli alinata kama kupe.

"Huyu."

"Huyu?" Mzee alikaribia kuvunja vioo. "Eunice atacheka mpaka wamsikie Malawi!"

Akawanunua wote wawili, Malkia kwa ajili ya heshima yake na huyu wa mlangoni kwa shingo upande. "Na Jumamosi utashuka na mimi," akamwambia Ottilia. "Kama umekosea, aibu tugawane."

Walimkuta Eunice akianika usipa, wale dagaa wa ziwa hili, kwenye kichanja kando ya maji. Siwema alikuwa pembeni yake, gunzi limefungwa mgongoni kwa kitambaa. Alipoziona ndevu alijificha nyuma ya bibi yake.

"Karibu, mkwe," Eunice alisema, akicheka tayari.

"Siwema! Njoo umwone Malkia!"

Kunguru wote waliokuwa wakinyemelea usipa waliruka. Mtoto naye alikaribia kuruka, ila nywele za dhahabu zilimvuta. Akaja hatua kwa hatua, akaweka gunzi chini taratibu, akamfunga Malkia mgongoni. Malkia akateleza. Akamfunga tena, akateleza tena, taji likaanguka. Siwema akaugonga mguu wa Malkia kwa kidole, ukalia ko, ko. Akamlaza mchangani, akamnyoosha, akamfunika uso kwa gauni lake.

"Babu, huyu alishakufa," alisema kwa upole. "Poleni na msiba."

Kisha akalifunga gunzi lake mgongoni na kurudi kwa bibi. Eunice alicheka mpaka akashika kichanja. Mzee Pankras alibaki amesimama na taji mkononi, na Ottilia, aliyekuwa amejiandaa kucheka tangu Mbinga, alimhurumia kweli. Akampa ule mfuko mwingine, wenye mdoli na kitenge cha kumfungia.

Mzee alichuchumaa, magoti yakalia, akamtoa yule wa kitambaa na kumweka pajani. Akangoja. Hakuita.

Siwema alichungulia. Akaja, akaitazama ile miguu iliyoachana, akajaribu kuifungua na kuifunga. Hapo ikazuka shida: mgongoni tayari kuna gunzi, na gunzi limelala. Akatafuta mgongo mwingine. Bibi ana usipa mikono yote miwili. Baba yuko mbali, mlangoni. Yule mama wa Mbinga hamjui. Akazunguka nyuma ya babu.

"Inama."

Mzee mwenye watoto wanane, ambaye hakuwahi kumbeba hata mmoja mgongoni, aliinama. Siwema alimfunga yule mdoli kwa kitenge juu ya koti, akamshika babu mkono na kumpeleka ufukweni kutembea. Wavuvi waliacha nyavu. Eunice aliacha kucheka. Kilian alitoka mlangoni akasimama tu.

Ottilia aliona kitenge kinalegea, akawafuata mbio. "Babu, inama kidogo!" aliita. "Utamwangusha!"

Mzee Pankras aligeuka taratibu, kidole mdomoni.

"Shh," alinong'ona. "Utamwamsha."