Zaïre na Kuku wa Mukankusi

Patricie alikuwa fundi wa kushona, na pale kilimani juu ya mji wa Kamembe, Rwanda, hakuna aliyemshinda kwa kushona. Kwa kubisha pia hakuna aliyemshinda. Ukimwambia mkono mmoja wa nguo ni mrefu kuliko mwingine, atakuangalia toka kichwani mpaka miguuni, halafu atakuambia nguo haina kosa, mikono yako ndiyo haikulingana. Watu walikuwa wakitoka kwake wakijipima mikono njiani.

Alikuwa Mnyarwanda wa kuzaliwa Bukavu, upande wa Kongo. Alikulia mtaa wa Kadutu, akaolewa huko, akafiwa na mume huko, na vita vilipofika mwaka wa tisini na sita akavuka daraja la Rusizi "kurudi" katika nchi ambayo hakuwahi kulala hata siku moja. Alivuka na vitu viwili: cherehani kichwani na mbwa nyuma. Mbwa aliitwa Zaïre. Mwaka uliofuata nchi ya Zaïre yenyewe ikabadilishwa jina kuwa Kongo, na watu wenye busara wakamshauri abadilishe na la mbwa, lisije likamletea maneno.

"Babadilishe ya inchi," akasema Patricie. "Ya mbwa yangu baache."

Mbwa mwenyewe, tuseme ukweli, alikuwa wa hivi hivi tu. Rangi ya udongo, sikio moja limesimama na lingine limelala, na mwendo wa mtu anayetafuta alikoweka miwani. Patricie alimlisha ugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, na kila aliyepita aliambiwa kwamba mbwa huyu ni msivilize, mstaarabu, hajawahi kumkosea mtu adabu.

Lakini kilimani pale mbwa wengine hawakuwako. Mwaka wa tisini na nne, mwaka wa mauaji, watu wa pale walikuwa wameona mbwa wakiwafanyia maiti mambo yasiyosemwa mbele ya watoto, na wanajeshi walipoingia waliwamaliza kwa risasi. Kwa hiyo Zaïre akishuka njiani, milango ilifungwa. Patricie, ambaye hakuwapo mwaka ule, alidhani watu wanamwonea wivu.

Aliyemfungulia mlango ni mmoja tu, jirani yake Mukankusi, mjane aliyebaki peke yake katika nyumba ya watu saba. Siku ya kwanza kabisa alimpitishia juu ya ua kaa la moto na kikapu cha viazi vitamu. Mukankusi alikuwa na Kiswahili cha soko la Bukavu, Patricie alikuwa na Kinyarwanda cha kuchekesha, na kati ya lugha hizo mbili wakawa marafiki. Ila kwa miaka mitatu yote walizungumza juu ya ua wa minyaa, huyu upande huu na huyu upande ule. Mukankusi hakuwahi kukanyaga uani kwa Patricie. Alisema tu kwamba miguu inamuuma.

Na Mukankusi alifuga kuku. Kumi na mmoja, kila mmoja na jina lake. Mweupe aliitwa Masera, kama wanavyowaita watawa, kwa sababu alitembea kwa heshima na hakupenda kelele. Ndege ya jeshi ikiruka kwenda Kongo, kuku wote walikimbilia chini ya ghala, na Mukankusi aliinama kuwabembeleza mmoja mmoja mpaka watoke. Hao ndio walikuwa watu wake.

Siku moja kuku mmoja hakurudi. "Ni mwewe," akasema Patricie. Wiki ya pili akapotea mwingine. "Ni kicheche," akasema Patricie, na kicheche hajaonekana kilimani pale tangu Mungu aumbe kilima. Zaïre alikuwa amekaa miguuni pake na unyoya puani.

"Na ile nyoya?" akauliza Mukankusi.

"Upepo umemuletea."

Kuku wa tatu Mukankusi alimwona kwa macho yake akiwa mdomoni mwa mbwa. Alisubiri mbwa aondoke, akamwokota kuku, akamtundika juu ya ua upande wa Patricie.

"Patricie," akasema, "mimi nimechoka. Sitakuya tena hapa."

Na kweli hakuja tena kwenye ua. Wakati wa kuanua nguo alimpa Patricie mgongo. Jioni ile akaja Nzabonimana, nyumbakumi wa mtaa, mtu mpole aliyechukia kazi yake, akasimama mbali na mbwa na kuzungusha kofia mikononi.

"Maman Patricie, batu bamelalamika. Siku ataua kuku mwingine, hata mumoja, nitaita asikari wa kambi apige yeye risasi. Unisamehe."

Patricie alibisha mpaka Nzabonimana alipotoweka njiani. Kisha akaingia ndani, akakaa mbele ya cherehani, akalia kwa sauti. Zaïre ndiye pekee aliyebaki wa nyumba ya Kadutu. Mukankusi ndiye pekee aliyempata huku. Sasa ilionekana lazima ampoteze mmoja, na labda wote wawili.

Dawa ilitoka ng'ambo ya Rusizi kesho yake. Balagizi, mtu wa kabila la Washi wa Kongo aliyekuwa akivuka na sambaza kila wiki, vita viwe vinalia au vimenyamaza, alisikiliza habari yote huku anapima samaki.

"Kwetu kule kijijini Walungu, mbwa akikula kuku, tunamufunganga ile kuku mu shingo. Asiitoe. Avae siku tatu, ine, mpaka ioze. Kisha hapo hata umuletee kuku ya kupika, atakimbia."

"Mbwa yangu hakukula kuku," akasema Patricie.

"Sawa, Maman. Mufunge tu, ya bure."

Basi siku ile ile, Alhamisi, Patricie akamchukua yule kuku aliyetundikwa juu ya ua. Mtu mwingine angetumia kamba. Yeye alikata kipande cha jinzi, akakishona kuwa kola ya mishono miwili, akapitisha miguu ya kuku, akafunga vifundo vya kifundi visivyofunguka. Kuku akaning'inia kifuani kwa Zaïre kama tai ya shingoni, na mbwa akaonekana kama karani anayekwenda kazini.

Ijumaa alitembea hivyo akijaribu kujikimbia mwenyewe. Jumamosi nzi walimpata. Kufika jioni alikuwa ameacha kula, sikio lililokuwa limesimama nalo likalala. Patricie aliziba pua, akamwomba msamaha kwa Kiswahili na Kifaransa, akamfungia ndani ya jiko la nje.

Jumapili ilikuwa misa ya mavuno. Kwa misa hiyo watu hawatoi bahasha. Wanapanga mstari toka mlangoni mpaka altareni wakiwa na maharage, ndizi, malenge, jogoo kapuni, huku ngoma zinalia na kwaya inayumba. Patricie alikaa benchi la mbele, maana kwaya ilivaa mishono yake na alitaka ionekane kwamba anaijua. Mukankusi alikuwa katika mstari. Alikuwa amemkumbatia Masera, kuku wake bora kuliko wote, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba.

Harufu iliingia kwanza. Sauti za kwaya zikapungua kuanzia nyuma. Patricie akageuka: Zaïre alikuwa amevunja mlango wa jiko. Alikuwa ameingia kanisani na, kwa sababu ni msivilize, alikuwa ameshika mstari. Alitembea polepole, kichwa chini, na kuku wake kifuani, kama Mkristo yeyote anayepeleka alichojaliwa.

"Mbwa ya nani hii?" akanong'ona mama wa pembeni.

"Sijui," akasema Patricie, akateleza chini ya benchi. Jogoo wa mtu akawika kapuni, na waliomsikia Patricie wakaanza kucheka.

Mukankusi alikuwa wa mwisho katika mstari. Akageuka aone wanachocheka, akamkuta mbwa hatua moja nyuma yake. Mikono yake ikafunguka. Masera akaanguka, kamba ikafunguka, na kuku mweupe, mnene, akapiga mabawa mbele ya pua ya Zaïre. Ngoma ikanyamaza. Nzabonimana akasimama, na uso wake ulikuwa wa huzuni.

Zaïre akamtazama Masera. Kisha akatazama kifua chake mwenyewe. Akalala chini, tumbo sakafuni, akafunika pua kwa miguu ya mbele, akaanza kulia kama mtoto. Masera, ambaye hakupenda kelele, akamsogelea na kumdonoa sikio.

Sauti moja ikatoka. Ndogo kwanza, halafu kubwa. Ilikuwa Mukankusi anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, anashika mbavu, machozi yanamtoka, na watu wakaacha kumtazama mbwa, wakamtazama yeye. Hakuna aliyekuwa amemsikia akicheka tangu mwaka ule wa tisini na nne. Hata padri alijifunika mdomo kwa mkono wa kanzu. Ndipo Patricie akatokea kutoka chini ya benchi.

"Ni mbwa yangu!" akapaza sauti. "Nilibaambia mbwa yangu hali kuku!"

Mchana ule Patricie alikuwa uani na mkasi mkononi, anapambana na vifundo vyake mwenyewe, aliposikia hatua ndani ya ua. Mukankusi alikuwa amesimama upande huu.

"Mushike mbwa kichwa," akasema.

Patricie akamshika. Mukankusi akachuchumaa, akachukua mkasi, akaanza kukata kola uzi kwa uzi.

"Tulikuwa na mbwa mbili hapa kwetu," akasema bila kuinua macho. "Ni mimi nilibalisha chakula, na hii mikono. Kisha vita ikakuya, na mimi nilikuwa nimejificha, nikabaona ku batu bangu."

Kola ikakatika, kuku akaanguka. Zaïre hakukimbia, alinyoosha ulimi akamlamba Mukankusi vidole. Mukankusi alifumba macho, lakini mkono hakuutoa. Baadaye akaunusa.

"Yesu wangu, ananuka huyu. Leta sabuni."

Patricie alifungua mdomo abishe kwamba mbwa wake hanuki. Akaufunga, akaenda kuleta sabuni.