Ratiba Uliyoikubali

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi, mwanangu, nikiwa nahodha wa klabu ya lakrosi ya chuo chetu hapa Washington. Lakrosi ni mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye wavu. Hatukuwa timu kuu, ile inayopewa basi na kocha. Klabu hujibeba yenyewe. Ligi ilizigawa klabu madaraja mawili, ikapanga nani acheze na nani, na nani asafiri. Sisi tulikuwa daraja la pili, na siku hiyo zamu ya safari ilikuwa yetu, kusini kabisa mwa Virginia.

Asubuhi wachezaji wengi wakajitoa. Huyu ana mtihani, yule gari lake bovu. Kwa kanuni, timu isiyofika huhesabiwa imefungwa, yakaisha. Nikashika simu niwaambie wenyeji hatuji.

Shangazi Mwende, muuguzi aliyenilea kule Gaithersburg, mji wa jirani, alikuwa jikoni. Hakuwa kazini siku hiyo.

"We Musyoka, weka hiyo simu. Wenzenu wameshachora uwanja, wameita wazazi wao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyinyi mnataka apone na nini, na simu?"

"Shangazi, tumebaki kumi na mmoja tu."

"Na uwanjani mnatakiwa wangapi?"

"Kumi."

"Basi hata mmezidi! Waambie wajitayarishe. Naenda kuomba gari la kanisa, nitaendesha mwenyewe."

Tulifungwa, tena vibaya. Lakini hakuna aliyekaa chini kabla ya filimbi ya mwisho. Wenyeji wakatulisha mpaka tukacheka.

Msimu ulipoisha ligi ilikutana kupanga madaraja upya. Klabu kubwa zikataka tuondolewe ligini, eti tu wachache mno. Nahodha wa kule kusini akasimama. "Hawa walikuja kwetu na mchezaji mmoja wa akiba," akasema. "Ukipanga nao mechi, wanafika. Nani mwingine humu naweza kumsemea hivyo?" Kura zikapigwa. Tukabaki, na mwaka uliofuata tukapangiwa mechi nyingi karibu na nyumbani.

Mwanangu, muungwana ni vitendo. Daraja utapangiwa na wengine, wala usilipiganie sana. Kufika ni kazi yako. Ukikubali siku, nenda, hata mkiwa wachache, hata ukijua mtashindwa. Mtu anayekungoja anakujua kwa hilo kabla hajakujua kwa ushindi.

Mungu akupe miguu isiyochoka njiani, na kila mlango utakaoubisha ufunguliwe kwa furaha.