Kiraka cha Tyubu kwenye Spika ya Baba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuziba spika kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli. Karatasi ya spika ya baba ilikuwa imechanika, na kijijini kwetu Wamagana kila kitu kilichotoboka, kuanzia mpira hadi gambuti, kilizibwa hivyo. Nilibandika viraka vinene na kujisifu kwamba havitabanduka.

Jumapili baba akaweka kaseti ya kwaya ya kanisa, ambamo mama aliimba kabla hajaolewa. Sauti zilitoka nzito, kama za watu waliojifunika blanketi.

"Baba," mama akaniambia, maana nimepewa jina la baba yake, "huyo ni mimi ama ni ng'ombe?"

Walicheka, lakini mimi sikuona mzaha. Kaseti hiyo ndiyo pekee iliyokuwa na sauti yake ya usichana, na nilihisi nimemnyamazisha. Wiki nzima nilibandua viraka polepole, nikihofia kurarua zaidi, kisha nikaziba upya kwa karatasi ya shashi na gundi iliyozimuliwa kwa maji.

Jumapili iliyofuata mama alisikika waziwazi, akidakia kiitikio wenzake wakiwa wameshaanza.

"Ati sasa hata makosa yangu yanasikika! Rudisha kile kiraka."

"Wacha hivyo hivyo," baba akasema. "Hata harusini ulichelewa."

Mimi nilikuwa tayari nimeshika bisibisi, nikidhani spika bado ina kasoro.

Siku hizi nikiziba spika natumia karatasi nyepesi tu, na nikimsikia mama akichelewa kwenye kaseti ile, sifungui tena spika kutafuta kasoro.