Ala ya Kisu cha Bulugu

Msimu ule watu wa mnadani Nyantakara walimcheka Bulugu mpaka wakachoka. Mzee mzima, minada minne mfululizo, anasimama mbele ya kibanda cha fundi viatu, anashika ala hii, anairudisha, anashika ile, kisha anapanda baiskeli yake na kurudi nyumbani hana kitu. Wakasema anachagua ala kama anayechagua mchumba. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini ninyi nitawaambia.

Bulugu alitoka Kishapu akiwa kijana, akifuata ng'ombe wa baba yake malisho yalipokwisha kwao. Alikuja na mkewe Nshoma, mwanamke wa maneno machache. Walilima mahindi na mihogo, wakazaa watoto watatu, na watoto walipokua wakaenda zao Kahama na Geita. Wanapiga simu wakikumbuka. Mwaka juzi Nshoma aliugua kifua wiki mbili tu, akafa. Nyumba ikabaki na mtu mmoja, ng'ombe sita na kuku wasiohesabika.

Ikabaki na kisu pia. Ni kisu cha kukunja, mpini wa mti mwekundu, ambacho Nshoma alimnunulia mumewe kwa karanga zake alizouza Biharamulo mjini. Kilimenya mihogo ya nyumba ile miaka kumi na minne. Sasa, kwa akina Bulugu kisu hakipokewi mkononi, eti huleta ugomvi. Unakiweka chini, mwenzako anakiokota na kusema, "Nimekiona." Basi kila walipomenya, Bulugu alikiweka juu ya kigoda kilichokuwa kati yao, na Nshoma akasema, "Nimekiona," akaendelea na mihogo ya upande wake. Mpaka leo Bulugu anakiweka pale pale. Anasubiri kidogo, halafu anakiokota mwenyewe. Mkono ukishazoea hauambiliki.

Shida ilianza na mfuko wa suruali. Ulitoboka, na aliyekuwa akiushona hayupo. Mara ya kwanza kisu kilidondoka uani, haikuwa neno. Mara ya pili kilidondoka machungani, akakitafuta tangu asubuhi mpaka ng'ombe wakachoka kumngoja na kurudi nyumbani peke yao. Alikikanyaga kwa bahati tu, majanini. Akakaa chini akalia kama mtoto. Alijua kikipotea tena hatakiona.

Ndipo alipokwenda kwa Niragira, fundi viatu mwenye asili ya Burundi, mtu mcheshi aliyeweza kuongea na sindano ikiwa mdomoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka ala ya mkandani. Ya kisu cha kukunja."

Niragira akamwonyesha tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kusimama, ndefu, yenye kifuniko na kifungo cha chuma. Bulugu akaivaa, akachuchumaa kama anayekamua, ikamchoma mbavuni. Halafu kifungo chenyewe kilitaka mikono miwili, na aliyeshika ndama kwa mkono mmoja atakifungua na nini? Ya pili ilikuwa ya kulala, inafuata mkanda. Hiyo haikumchoma, ila akiinama ilihamia mgongoni. Ya tatu ilikuwa ya mdomo wazi, ngozi yenyewe ndiyo inayobana kisu na mpini unachungulia nje. Kuchomoa ni rahisi sana.

"Kwa mwiba pia ni rahisi," akasema Bulugu. "Utachomoa tu, nisijue."

"Basi ya kulala. Nitaikaza upande wa mkanda, haitahama," akasema Niragira. "Niachie kisu. Ngozi nailoweka, nakishindilia humo, inakauka nacho mpaka ishike umbo lake. Mnada ujao unachukua."

Bulugu akakifumbata kisu. Wiki nzima!

"Nitafikiri," akasema.

Hapo ndipo penye siri ya minada minne. Kila mara Niragira alipofika kwenye kuacha kisu, Bulugu aligundua kasoro mpya: uzi mweupe mno, ngozi ngumu mno, kifungo kinalia kitashtua ng'ombe. Kwa ng'ombe wanaochungwa kando ya barabara ya malori!

"Mchagua jembe si mkulima, mzee," Niragira akamtania.

Mnada wa tano, Bulugu akishuka kwenye baiskeli mbele ya kibanda, alisikia kitu kikigonga jiwe. Kisu. Kingedondokea kwenye vumbi asingesikia lolote. Alikiokota, akakaa kwenye benchi bila kusalimia.

Niragira akanyoosha kiganja. "Lete basi."

"Kwetu hakipokewi mkononi," akasema Bulugu, akakiweka juu ya ubao wa kazi. Kidole kimoja kilichelewa kuondoka. "Unakiokota, unasema nimekiona."

Niragira hakutania. Alijifuta gundi mikononi, akakiokota taratibu.

"Nimekiona, mzee."

Bulugu aligeuza uso upande wa mbuzi waliokuwa wakiuzwa. Miaka miwili hakulisikia neno lile, na lilimwingia mahali ambapo pole zote za msibani hazikufika.

"Nitengeneze ipi?" Niragira akauliza.

"Yoyote."

Wiki ile alimenya mihogo kwa panga, akajikata kidole. Mnada ulipofika alikuwa pale kabla Niragira hajafungua kibanda. Ala ilikuwa ya kulala, imekauka vizuri na kisu ndani yake. Niragira hakumpa. Aliiweka juu ya ubao, akangoja.

"Nimekiona," akasema Bulugu, na akaivaa.

Kisha akakaa. Alikaa mpaka wenye mbuzi wakaondoka, akauliza habari za gundi, za uzi, hata za viatu vya kike asivyovihitaji. Niragira alipoanza kufunga ndipo naye alipopanda baiskeli. Njiani, kwenye mlima, aliishika ala mara mbili, kisu kipo.

Nyumbani alimenya muhogo mmoja, akakiweka kisu kigodani. Akangoja. Kuku wakapita.

"Nimekiona," akasema mwenyewe kwa sauti, akakirudisha kwenye ala. Mnada mwingine ulikuwa bado siku saba.